Brussels: Nimezunguka maduka ya chokoleti miezi minane nikiitafuta kakao ya kwetu Kyela

Mnyakyusa wa Ixelles (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa awamu. Naomba mnivumilie maana naandika nikitoka kazini.

Mimi ni mzaliwa wa Kyela, upande wa Ipinda. Kakao kwetu ilikuwa imezunguka nyumba, imechanganyika na migomba na michikichi. Nimeanza kupasua matunda yake nikiwa darasa la tatu. Baba alitukataza kutumia panga kwa sababu linakata punje, kwa hiyo tulikuwa tunagonga tunda kwa gongo mpaka linaachia, tunatoa punje na ule ute wake mweupe, tunanyonya kidogo, nyingine zinakwenda kwenye sanduku la kuvundikia. Chokoleti yenyewe nilikuja kuionja nikiwa na miaka kumi na tisa, Mbeya mjini, na wala sikujua kwamba nakula kitu kilichotokana na yale magunia ya nyumbani. Tulipokuwa tunauliza kakao inapelekwa wapi, jibu lilikuwa moja tu: Ulaya.

Sasa huko Ulaya ndiko ninakoishi, Brussels, huu ni mwaka wa sita. Mji huu unanuka chokoleti. Ukitoka stesheni kuu ukashuka kuelekea Grand-Place, unapita duka baada ya duka, yote yana masanduku ya utepe wa dhahabu dirishani. Miaka yote hiyo nilikuwa napita tu. Mwaka huu nikaamua: kila Jumamosi ninayopata nafasi, naingia duka moja la mafundi, nanunua kidogo, nauliza swali lile lile. Punje zenu zinatoka wapi, na nani amezikaanga?

Swali hilo limenifundisha kuliko yote niliyosoma. Naanza.

Mnyakyusa wa Ixelles

Mahali pa kuanzia ni Galeries Royales Saint-Hubert, ile njia iliyoezekwa vioo iliyofunguliwa mwaka 1847. Humo ndimo Jean Neuhaus, mtu mwenye asili ya Uswisi, alipofungua duka lake mwaka 1857, na lilikuwa duka la dawa. Alikuwa anazipaka dawa chokoleti ili mgonjwa azimeze bila kukunja uso. Mjukuu wake, naye Jean, mwaka 1912 akatoa dawa, akajaza kitu kitamu ndani ya gamba la chokoleti, na hapo ikazaliwa pralini ya Kibelgiji. Mwaka 1915 mkewe, Louise Agostini, akabuni lile sanduku la karatasi ngumu ambalo pralini zinapangwa bila kupondana. Wanaliita ballotin. Leo kila duka la hapa linalitumia, hata yale ambayo hayana udugu wowote na Neuhaus.

Duka bado lipo palepale. Ingieni, mle pralini mbili tatu, mtazame juu kwenye vioo. Ila jueni kwamba siku hizi hawatengenezei hapo. Kiwanda kiko Vlezenbeek, nje kidogo ya mji, na kule kiwandani kuna duka linalouza kwa bei nafuu kuliko mjini. Unashuka metro ya Erasme na kumalizia kwa basi au kwa miguu. Mwenye familia kubwa ya kupelekea zawadi aende huko.

Mary, duka lingine la zamani, iko Rue Royale. Ilianzishwa mwaka 1919 na mwanamke, Mary Delluc, na tangu 1942 imekuwa na cheti cha kuhudumia ikulu ya mfalme. Duka ni zuri, masanduku yake yamechorwa maua, na chokoleti chungu yao ina heshima. Sina mengi ya kuongeza hapo.

Baadaye nitaleta Sablon, kisha nitawapeleka Koekelberg, na huko ndiko moyo wangu uliko.

Mzee wa Gengeni

Mkuu, nafuatilia kwa makini. Lakini niulize kwa nia njema kabisa. Supamaketi za huko si zimejaa chokoleti za yuro mbili? Mwanangu alituletea kipande chenye picha ya tembo, kitamu tu. Kuna haja gani ya kulipa mara nne yake kwa sababu duka lina taa nzuri?

Mnyakyusa wa Ixelles

Mzee wangu, shikamoo. Yule tembo ni Côte d'Or, chapa iliyoanzia hapa hapa Ubelgiji mwaka 1883. Jina lenyewe ni Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, kwa sababu kakao ilikuwa inatoka kule. Si chokoleti mbaya, nami nainunua.

Lakini swali lako ndilo kiini cha uzi huu, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Maduka mengi ya chokoleti, hata yale ya kifahari, hayatengenezi chokoleti. Yanapika *kwa* chokoleti. Wananunua chokoleti iliyokwisha tengenezwa kiwandani, ile inayoitwa kuvertura, inakuja kama vipande vidogo mfano wa vifungo ndani ya mifuko mikubwa. Nyingi inatoka Callebaut, wenye kiwanda pale Wieze, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote duniani, au kwa Belcolade. Fundi anaiyeyusha, anatengeneza gamba, anajaza ganashi (chokoleti iliyolainishwa kwa krimu) au njugu zilizosagwa na sukari, anafunika, anang'arisha. Hiyo ni kazi ya ustadi mkubwa, siidharau hata kidogo. Nimesimama nyuma ya kioo nikamtazama mwanamama mmoja akipanga mstari mmoja mwembamba juu ya kila kipande kwa uma, vipande zaidi ya mia, na hakuna mstari uliopinda.

Kuna kundi la pili, dogo sana. Hao wanaanza na punje yenyewe. Gunia linafika, wanachambua, wanakaanga, wanapepeta maganda, wanasaga kwenye mawe kwa siku moja mbili hata tatu, wanaongeza sukari, wanakoroga mpaka ule ukali wa siki unatoka, ndipo wanamimina kwenye kalibu. Kwa hao, ukiuliza punje inatoka wapi, wanakutajia bonde.

Sasa tatizo langu ni pale kundi la kwanza linapokuuzia kwa maneno ya kundi la pili. Kuna duka moja katikati ya mji, silitaji, lina picha kubwa ya mkulima Mwafrika ukutani ameshika tunda la kakao. Nikamuuliza muuzaji yule mkulima ni wa nchi gani. Hakujua. Nikauliza kakao yao ni ya wapi. Akasema, "Ni ya Kibelgiji." Nikamwambia kwa upole kwamba Ubelgiji haioti kakao. Akaenda kuuliza nyuma, akarudi, akanirudishia jibu lile lile. Nilitoka pale nimeumia, Mzee wangu. Sura ya mtu imetumika, na jina lake wala jina la kijiji chake halikuonekana kuwa na thamani ya kuulizwa.

Kwa hiyo ukilipia ustadi wa pralini, lipa, unastahili kuona ustadi. Ukilipia asili ya punje, omba uambiwe asili hiyo.

Binti wa Kibokoni

Assalaam aleikum. Kaka Mnyakyusa, mashallah, uzi mzuri. Mimi niko Mombasa na mwezi ujao nakuja huko kwa dada yangu. Swali langu ni moja: sisi Waislamu tunakula nini humo? Nimesikia ndani ya hizo pralini wanatia pombe.

Mnyakyusa wa Ixelles

Waaleikum salaam dada. Ni kweli, baadhi zina konyagi, ramu au likeri ndani ya ganashi, na kwa nje huwezi kujua. Usichukue sanduku lililokwisha fungwa. Nenda kwenye kaunta wanakopima kwa uzito, useme *sans alcool*, muuzaji atakuchagulia moja moja. Maduka makubwa yana orodha ya viungo vya kila pralini, na wanaitoa ukiomba. Zile zenye kujazwa kitu laini cha kunyumbuka kama mashimelo, uliza pia gelatini yake ni ya mnyama gani.

Ukitaka usiwe na wasiwasi, nunua chokoleti ya kipande isiyojazwa kitu. Za wale wanaoanza na punje yenyewe mara nyingi zina vitu viwili tu, kakao na sukari, basi. Soma nyuma ya karatasi hata hivyo.

Na ukipita Rue Ravenstein, karibu na Mont des Arts, ingia kwa Laurent Gerbaud. Yeye aliwahi kuishi China, na mkono wake unaonyesha: sukari kidogo, matunda makavu, tangawizi, njugu, viungo. Kwa mtu aliyekulia pwani, amezoea tende, halua na tangawizi kwenye kahawa, nadhani hapo ndipo ulimi wake utapumzika. Tini iliyochovywa kwenye chokoleti chungu, dada, itafute.

Mutoto wa Butembo

Ndugu Mnyakyusa, asante sana kwa iyi habari. Mimi niko mutu wa Butembo, Kivu ya Kaskazini, niko hapa Brussels tangu 2011, na minafanya kazi karibu na Matonge, ule mtaa ya batu betu ba Congo. Unajua toka Matonge mpaka Sablon ni mwendo wa miguu kidogo tu, lakini batu betu hawafiki kule. Banaona ni mahali ya matajiri.

Minapenda kuongeza kitu. Kakao ya kwetu iko, tena mingi, pande za Beni. Na kule Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, Parc ya Virunga ilijenga kiwanda ya chokoleti, inatumia umeme ya maji ya kule kule. Mwenye alibasaidia ni Dominique Persoone, fundi ya Bruges mwenye maduka ya The Chocolate Line. Sasa hiyo chokoleti inatengenezwa *kule kule*, haiko punje tu zenye kutoka. Vijana ba kule ndio banakaanga, banasaga, banafunga. Mwaka niliyoshika kipande yake ya kwanza mu mikono, niliita wife na batoto wote batatu, tukaikata mezani tukakula polepole. Kule wakulima banateseka na vita sana, kuna siku mutu hawezi kufika mu shamba yake. Kwa hiyo kipande moja ile iko na uzito.

Mnyakyusa wa Ixelles

Kaka yangu wa Butembo, umenigusa. Hiyo ya Mutwanga ninayo, na nilikuwa nimeiwekea nafasi yake hapa kwenye uzi. Umenitangulia na umeisema vizuri kuliko ningeisema mimi. Jumamosi moja twende wote Sablon. Matonge mpaka pale hata dakika ishirini hazifiki.

Nairudia Sablon basi. Place du Grand Sablon ni uwanja wenye kanisa juu, wikiendi kuna soko la vitu vya kale, na kuuzunguka ndiko maduka ya chokoleti yamejipanga. Wittamer wapo tangu 1910, hao ni wapishi wa keki kwanza, chokoleti baadaye, na keki yao ya chokoleti ndiyo inayofanya watu wapange foleni.

Kona ya chini, Rue des Minimes, yupo Pierre Marcolini. Huyu ni mtoto wa Charleroi, mzaliwa wa 1964, wazazi wake Waitaliano. Mwaka 1995 alikuwa kwenye timu ya Ubelgiji iliyochukua ubingwa wa dunia wa upishi wa keki kule Lyon, na mwaka huo huo akaanza duka. Ndani panafanana na duka la vito, watu wanaongea kwa sauti ya chini. Lakini kilichonivuta si hayo. Katika majina makubwa ya hapa, yeye ni mmoja wa wachache wanaokaanga punje wenyewe, na vipande vyake vimeandikwa nchi ya punje. Nilinunua vitatu vya nchi tatu, nikavila nyumbani kimoja kimoja na maji ya uvuguvugu. Kimoja kilikuwa na ukali wa ndimu, kingine kizito kama tumbaku, cha tatu kilifanana na karanga. Sukari ile ile, fundi yule yule. Tofauti ilikuwa udongo, mbegu na namna watu wa kule walivyovundika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba siku zile tano sita za sanduku la kuvundikia, majani ya mgomba juu, sisi watoto tukipinduapindua punje mikono inanuka siki, tulikuwa tunapika chokoleti. Ladha ilikuwa inaanzia pale. Punje isiyovundwa huwezi kuiokoa Brussels hata uwe bingwa wa dunia.

Kilombero Moja

Umesema kweli tupu mkuu. Mimi niko Ifakara na shemeji zangu wanalima kakao Mbingu, huku pembezoni mwa Udzungwa. Kuna kampuni inaitwa Kokoa Kamili, ilianza kununua huku mwaka 2013. Wao hawataki punje kavu. Wananunua mbichi, imetoka kupasuliwa siku hiyo hiyo, wanavundika wenyewe kwenye masanduku kwa vipimo, wanaanika kwenye vichanja. Mkulima anapata hela yake bila kuhangaika na kuanika wakati wa mvua, na ladha inakuwa moja gunia hadi gunia. Mwanzoni wazee walikuwa wagumu kuelewa kwa nini mtu anunue kitu chenye maji. Sasa nasikia jina hilo linaandikwa kwenye chokoleti huko nje, ni kweli?

Mnyakyusa wa Ixelles

Ni kweli kabisa. Dandelion wa San Francisco wanaandika "Kokoa Kamili, Tanzania" mbele ya karatasi, kwa herufi ambazo huhitaji miwani. Original Beans wa Amsterdam nao wametengeneza kipande cha asilimia 70 chenye jina la Udzungwa. Kwa ladha, hizo za kwetu zina uchachu wa matunda, kama zabibu kavu au fulasadi iliyoiva sana. Mtu aliyezoea chokoleti ya maziwa anaweza kushtuka mara ya kwanza. Acha iyeyuke yenyewe ulimini, usiitafune.

Sasa mtaniuliza Kyela je? Kyela, pamoja na Busokelo kule Rungwe, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Kampuni ya Biolands ilikuwa inanunua kwetu kakao ya kilimo hai, na baadaye Barry Callebaut wakaichukua. Yaani ile ile Callebaut ya Wieze. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba punje za baba yangu zilifika mpaka nusu saa kwa gari kutoka ninapoishi sasa, zikachanganywa na za Ivory Coast na Ghana, nchi ambazo peke yake zinatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zikapoteza jina. Nimewahi kupita karibu na Wieze kwa treni. Nilisimama dirishani muda wote.

Sisemi kwamba kuchanganya ni kosa. Viwanda vinataka ladha ile ile kila mwaka, na njia ya kuipata ni kuchanganya. Ninachosema ni kwamba nimeshika magunia yale, na nilitaka kuona jina.

Fundi Keki Kinondoni

Kaka, mimi natengeneza keki hapa Dar na nimeanza kujaribu pralini. Shida yangu ni mng'aro. Zikitoka kwenye kalibu zimefifia na zina mabaka meupe, nikizishika zinayeyuka. Hao mafundi wa huko wanafanyaje?

Mnyakyusa wa Ixelles

Dada, shida hiyo ni ya joto, wala si ya mkono wako. Siagi ya kakao inaganda kwa namna kadhaa, na ni namna moja tu inayotoa mng'aro na ule mlio wa kukatika "ka!". Kwa chokoleti chungu, iyeyushe mpaka nyuzi 45 hadi 50, ipoze huku ukikoroga mpaka 27 au 28, kisha ipashe tena kidogo mpaka 31 au 32 na uitumie hapo hapo. Ikivuka 34 umeshaharibu, rudia mwanzo. Nunua kipimajoto kizuri kabla ya kununua kalibu nyingine. Na maji yasiguse chokoleti inayoyeyuka, hata tone. Inashikana kama udongo.

Kwa Dar ungehitaji chumba chenye kiyoyozi, karibu nyuzi 20, na hewa kavu. Fanya kazi alfajiri. Ukilazimika kuweka kwenye friji, funga ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na ukitoa usifungue mpaka chombo chote kiwe na joto la chumba, la sivyo umande unashika juu na sukari inatoka nje nyeupe.

Angalia pia unachonunua. Sheria ya Ulaya inaruhusu mpaka asilimia 5 ya mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao, na lazima iandikwe. Nyingi zinazouzwa huko kwetu kama chokoleti ya kupikia zina mafuta hayo kwa wingi zaidi. Hizo hazihitaji mchakato huu wa joto, lakini kinywani zinabaki kama mshumaa.

Mzee wa Gengeni

Kijana, nimekuelewa sasa. Marahaba, nilisahau kuitikia. Hebu tupeleke huko ulikosema moyo wako uko.

Mnyakyusa wa Ixelles

Twende Koekelberg, Mzee wangu.

Ni upande wa kaskazini magharibi, watalii wengi hawafiki, wanaona kuba la basilika kwa mbali na kurudi. Huko ndiko Frederic Blondeel anakokaangia punje zake. Zamani alikuwa mjini, Sainte-Catherine. Nilifika siku ya mvua, na kabla sijaona kibao nilisikia harufu. Si harufu ya chokoleti. Ni harufu ya punje inayokaangwa, kali, ina siki na mkate ndani yake. Nilisimama barabarani na mwavuli. Kyela hatukaangi kakao, lakini harufu ile ina kitu cha chanja cha nyumbani wakati wa jua la mchana, punje zikianza kukauka. Sijui nilisimama muda gani.

Ndani unakaa, unakunywa chokoleti ya moto, na karakana iko palepale, mashine na magunia. Niliwaambia nimetoka nyumba ya wakulima wa kakao. Basi maswali yakageuka, wakawa wanauliza wao. Mnavundika siku ngapi? Mnapindua mara ngapi? Mvua ikinyesha mnaanika wapi? Miaka sita Ulaya, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo ambalo mimi ndiye mwenye kulijua.

Karibu na hapo kuna Belgian Chocolate Village, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2014 ndani ya jengo la kilichokuwa kiwanda cha biskuti cha Victoria. Wana chumba cha vioo chenye joto la kitropiki, na mikakao ndani. Nje watu wamevaa makoti, ndani jasho linakutoka. Nilishika jani changa, lile jekundu laini linaloning'inia kama limechoka, nikalitambua kwa vidole.

Uccle, Avenue Brugmann, kuna Mike & Becky, mke na mume walioanza 2016, nao wanaanza na punje. Duka dogo, unakaa unakunywa. Vipande vya watengenezaji wa aina hii kwa kawaida ni kati ya yuro 6 na 9. Ni ghali, ndiyo. Wanalipa zaidi ya bei ya soko kwa punje nzuri, na wanatengeneza kidogo kidogo. Na kumbukeni mwaka 2024 bei ya kakao ya soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, baada ya magonjwa ya miti na hali mbaya ya hewa Afrika Magharibi. Mwaka huo nyumbani kwetu watu walipaua bati jipya. Huku mafundi wadogo walikuwa wanahangaika wasifunge. Furaha ya kwetu na maumivu ya kwao vilitoka kwenye gunia moja, na mimi nina jamaa pande zote mbili.

Binti wa Kibokoni

Na ile ya Kyela uliipata mwisho wake?

Mnyakyusa wa Ixelles

Yenye jina la Kyela mbele, hapa Brussels, bado. Niliyoipata ni ya Tanzania, ya bonde la Kilombero, kwenye duka dogo linalouza vipande vya watengenezaji mbalimbali. Nilinunua vinne. Kimoja nilikula, vitatu nilikwenda navyo nyumbani likizo, nimevifunga katikati ya nguo.

Baba ana miaka sabini na moja. Amelima kakao maisha yake yote, na chokoleti amekula mara chache, zile za maziwa za watoto. Nilimkatia kipande jioni, tumekaa barazani. Akakiweka mdomoni, akanyamaza. Mama alikuwa anamtazama. Baada ya muda akasema, "Hii imevundikwa siku zake zote. Hawakuiharakisha." Hakuuliza bei, hakuuliza ya nani. Alitambua kazi.

Kisha akaomba miwani, akaigeuza karatasi, akasoma kwa sauti neno "Tanzania" na neno "Kilombero". Akasema, "Kumbe wanaandika." Akaikunja vizuri, akaingia ndani, akaiweka ndani ya daftari lake anakohifadhi stakabadhi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Ipo mpaka leo.

Kabla sijaondoka alinifungashia punje kilo mbili, alizozichagua mwenyewe moja moja. Nilimuuliza mtengenezaji mmoja hapa kama naweza kumletea nje ya biashara, azijaribu. Amekubali. Zimekaangwa wiki iliyopita. Akimaliza kusaga nitarudi hapa.

Mutoto wa Butembo

Ndugu, siku atamaliza, uniite. Nitakuja na ya Mutwanga, tuziweke pamoja mezani.

Kilombero Moja

Picha tafadhali mkuu. Nitamwonyesha shemeji.

Fundi Keki Kinondoni

Ndaga fijo (asante sana) kaka, mume wangu ni wa Rungwe, kanifundisha neno hilo. Tunakuja Brussels Desemba na mtoto wetu wa miaka saba. Hayo makumbusho yenye mikakao tunafikaje?

Mnyakyusa wa Ixelles

Ndaga dada, msalimie shemeji. Pandeni metro mpaka Simonis, mkitoka ulizieni Rue De Neck, ni karibu kwa miguu. Mwacheni mtoto avue koti kabla ya kuingia chumba cha mikakao, mle mna joto. Na mwambie akitaka kuona ua au tunda asitazame juu kwenye matawi ya mbali. Aangalie shina lenyewe, chini kabisa, maua ni madogo kama ukucha wake.